Pasi ya Mkaa ya Bibi: Jinsi ya Kuitoa Kutu Bila Kuufuta Umri Wake

Picha ninazoonyeshwa hufanana. Pasi ya mkaa imetolewa uvunguni kwa bibi, imesuguliwa kwa msasa siku nzima au imepitishwa kwenye grenda, na sasa inang'aa kama sufuria jipya. Wiki mbili baadaye inakuja picha ya pili. Kutu imerudi, safari hii imeenea kila mahali, na mwenye pasi anauliza amekosea wapi.

Amekosea pale alipotaka ing'ae.

Ule weusi wa pasi ya zamani, uliotokana na miaka ya moto, moshi na mikono ya watu, si uchafu. Ni ngozi ya chuma. Ukiibandua, unakiacha chuma kikiwa uchi mbele ya hewa na unyevu, na unafuta alama zinazoonyesha kwamba pasi hii ilitumika na watu. Kazi yetu ni kuondoa kutu nyekundu, ile inayokula, na kuuacha weusi unaolinda.

Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa nimeshachelewa. Pasi ya bibi mzaa mama niliipeleka kwa fundi nikamwambia aifanye mpya, naye akafanya nilichomwambia. Kwenye mfuniko palikuwa na namba na herufi ambazo tukiwa watoto tulizifuatisha kwa kidole tukisubiri sare za shule zinyooshwe Jumapili jioni. Grenda ilizila. Ndiyo maana naandika hatua hizi kwa urefu.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza. Chuma kilicholowa hakikusubiri uende dukani.

- Mswaki mkuukuu na brashi laini ya kupakia rangi, ya kutolea vumbi
- Brashi ya nyuzi za shaba. Ya nyuzi za chuma iache dukani
- Stilwaya laini kabisa utakayoipata
- Mafuta ya cherehani na mafuta ya taa kidogo
- Siki nyeupe, chupa moja au mbili
- Magadi na majani ya chai
- Ndimu mbili
- Nta ya nyuki, kipande cha kutosha kiganja
- Mafuta ya linsidi, yanayouzwa maduka ya rangi, vijiko viwili tu
- Vitambaa vyeupe vya pamba, vingi. Shuka kuukuu inatosha
- Glavu, na barakoa ya kuziba pua na mdomo
- Beseni la plastiki, penseli, karatasi nyembamba, na simu ya kupigia picha

Msasa haumo humu, wala rangi ya fedha, wala vanishi. Sijavisahau.

## Kabla ya kuigusa: ni ya zamani kweli?

Pasi za mkaa bado zinatengenezwa, India kwa mfano, na sokoni zipo mpya zilizozeeshwa makusudi. Pitisha kidole kwenye kutu. Kutu ya siku nyingi ni ya kahawia iliyokoza na imeshika, kidole hutoka na vumbi kidogo tu. Kutu ya kutengeneza ni ya rangi ya chungwa na inakuachia unga mwingi mkononi.

Kisha angalia kishikio. Mti ulioshikwa miaka thelathini haukuchakaa sawasawa: upande wa kidole gumba huwa umelika na kulainika zaidi. Skrubu nazo zina la kusema. Skrubu yenye kichwa cha nyota ni ya miaka ya 1930 kuendelea, kwa hiyo ukiikuta kwenye pasi unayoambiwa ni ya enzi za Mjerumani, ama pasi si ya enzi hizo ama ilitengenezwa upya baadaye.

## Hatua ya 1: Piga picha, chukua chapa

Piga picha pande zote, pamoja na ndani na chini. Halafu tafuta maandishi. Mengi yamefunikwa na masizi na hayaonekani mpaka uweke karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli kwa ulalo. Namba ya saizi, jina la kiwanda, au herufi za mwenye pasi zilizochongwa kwenye kishikio zitajitokeza.

Kwa nini kwanza: baadhi ya alama zimeshikiliwa na kutu yenyewe. Kutu ikitoka, nazo zinafifia.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi inayosomeka hata kama pasi ingepotea leo.

## Hatua ya 2: Toa majivu yote

Fungua mfuniko, geuza pasi juu ya gazeti, gonga taratibu kwa kiganja. Ingiza brashi kwenye matundu ya hewa na pembe za ndani. Usimwage maji.

Majivu yana chumvichumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani. Pasi iliyowekwa kabatini na majivu ya mwaka 1988 imekuwa ikilowa kidogokidogo tangu mwaka huo. Ndiyo sababu nyingi zimeoza ndani kuliko nje, na ukiacha majivu kwenye kona moja, kutu itaanzia hapohapo.

Kama pasi iliwahi kupakwa rangi, vaa barakoa na usikwangue rangi ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, kwangua kwa ubao mwembamba, kisha futa mabaki kwa kitambaa na ukitupe.

## Hatua ya 3: Legeza vilivyokwama

Bawaba ya mfuniko imeganda, komeo halifunguki, nati ya kishikio haigeuki. Hapa ndipo nyundo huitwa, na hapa ndipo pasi huvunjika.

Pasi hizi ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni kigumu, lakini hakipindi. Ukikipiga hupasuka kama kikombe cha chai. Changanya mafuta ya taa na ya cherehani nusu kwa nusu, dondosha kwenye bawaba na nati, uache ulale. Asubuhi jaribu kwa mkono. Kikikataa, dondosha tena, ulale tena. Iliwahi kunichukua siku tano kwa bawaba moja, ikafunguka bila kelele.

Onyo: pasi ikiwa tayari imepasuka, usiipeleke kuchomelewa kwa welding ya kawaida. Chuma cha kusubu kinahitaji vijiti maalumu na kupashwa moto taratibu, vinginevyo ufa unapanuka pembeni mwa mshono. Ufa mdogo uache kama ulivyo. Ni sehemu ya maisha yake.

Kama kishikio na komeo vimefungwa kwa nati, vitoe na uviweke kando. Kama vimefungwa kwa ribiti, usizikate. Tutafanya kazi kuvizunguka.

## Hatua ya 4: Kutu, kwa ukavu kwanza

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo wengi huiruka wakikimbilia siki. Kwa uzoefu wangu, pasi nyingi hazihitaji siki hata tone.

Anza na kitu laini kuliko vyote. Mswaki mkavu uondoe kilicholegea. Halafu brashi ya shaba, kwa mizunguko midogo, eneo la ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo inakwangua kutu bila kuchora kilicho chini yake. Brashi ya chuma haina huruma hiyo.

Kutu ikibaki, dondosha matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani, subiri dakika kumi, sugua kwa stilwaya laini bila kukandamiza. Acha mafuta yafanye kazi, mkono uyafuate. Kisha futa kwa kitambaa cheupe.

Kitambaa hicho ndicho kipimo chako. Cha kwanza kitatoka na rangi ya tofali. Cha tatu au cha nne kitakuwa cha kahawia. Kitakapotoka na weusi wa kahawa, simama. Umeifikia ngozi. Ukiendelea utaona kijivu kinachong'aa, na kila penye kijivu umeshapita mpaka.

Sitisha pia unapokaribia maandishi ya mfuniko. Hapo tumia mswaki tu, hata kama kutu kidogo itabaki ndani ya herufi. Namba inayosomeka, yenye kutu kidogo, ina faida kuliko mfuniko safi usio na namba.

Usiifanye kazi hii kwa siku moja. Mkono ukichoka hukandamiza, na jicho lililochoka haliioni tofauti ya nyeusi na kijivu.

## Hatua ya 5: Siki, kwa kutu sugu pekee

Kama baada ya siku mbili bado kuna maganda mazito, hasa ndani, basi siki.

Changanya siki na maji nusu kwa nusu kwenye beseni la plastiki. Toa sehemu zote za mti na za shaba. Shaba ikikaa kwenye siki pamoja na chuma, huyeyuka kidogo na kuacha madoa mekundu juu ya chuma. Kama kishikio hakitoki, usizamishe pasi. Lowesha kitambaa kwa siki, kilaze juu ya kutu, funika kwa nailoni kisikauke.

Sasa sikiliza: kila nusu saa, itoe na uitazame. Sugua kwa mswaki. Kutu iliyolainika hutoka kama tope jeusi. Ikitoka, umemaliza. Ikikataa, irudishe nusu saa nyingine. Zikipita saa tatu, acha, hata kama kutu imebaki. Wengi wameambiwa waloweke usiku kucha, na asubuhi wanakuta chuma cha kijivu chenye vishimo kama uso wa ndui, kwa sababu siki ikimaliza kutu inageukia chuma. Vishimo hivyo havizibiki tena.

Maonyo mawili ambayo siyalegezi. Usitumie maji ya betri wala dawa ya kusafishia choo. Na usichanganye siki na jiki, hata kidogo, hata kwenye beseni lililotumika jana bila kuoshwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo hudhuru mapafu.

Ukimaliza, suuza mara moja, kisha izamishe kwa dakika tano kwenye maji ya magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Utaona povu dogo: ni asidi inayokufa. Suuza tena mara mbili kwa maji safi, maana magadi nayo yana chumvi usiyotaka ibaki.

## Hatua ya 6: Kausha haraka, rudisha weusi

Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mbele ya macho yako. Ndani ya dakika chache utaona ukungu wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo kitambaa kikavu kiwe begani na moto uwe tayari.

Futa, kisha weka pasi juu ya wavu wa jiko la mkaa ambalo moto wake unakaribia kufa. Lengo ni joto la kushindwa kuishika kwa muda mrefu, si la kuunguza. Jua la saa sita nalo linafaa, ila ipe pasi saa mbili nzima. Usiiweke kwenye moto mkali wa gesi, na isiguswe na maji ikiwa ya moto. Mshtuko wa joto hupasua chuma cha kusubu.

Sehemu zilizobaki kijivu zina dawa, na iko jikoni. Chemsha vijiko vitatu vya majani ya chai katika nusu lita ya maji kwa dakika kumi. Bila sukari, bila maziwa. Ipoe, paka kwa brashi juu ya kijivu, acha ikauke. Baada ya saa kadhaa utaona kijivu kinageuka bluu iliyokoza, kisha nyeusi. Kinachofanya kazi ni tanini, ileile iliyomo kwenye magome ya mikoko yaliyosafirishwa kutoka Rufiji na Lamu kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Ikikutana na chuma, hufanya utando mweusi ulioshika. Rudia mara mbili au tatu.

Weusi huu ni mpya, nao unafanana na ule wa zamani bila kuwa wenyewe. Kwenye kumbukumbu zako andika mahali ulipoupaka. Atakayeishika pasi baada yako ana haki ya kujua.

## Hatua ya 7: Nta

Pasha pasi tena iwe vuguvugu. Sugua kipande cha nta ya nyuki juu yake, tabaka jembamba, ndani na nje. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, kwa hiyo joto la kawaida la kushikika kwa shida linatosha kuilainisha iingie kwenye vinyweleo vya chuma. Acha ipoe, kisha sugua kwa kitambaa mpaka kisikwame.

Mnaniuliza sana kuhusu mafuta ya kupikia. Hapana. Hunata, hukusanya vumbi, na ya nazi huchacha. Vanishi nayo hapana: hupasuka, maji hupenya chini yake, na kutu hukua mahali usipoweza kuifikia. Nta ina sifa moja inayozishinda zote: ikikosewa inatolewa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukaanza upya.

Umefanikiwa ikiwa tone la maji linasimama juu ya chuma kama juu ya jani la mgimbi, na kidole kikipita hakiachi alama. Rangi iwe nyeusi tulivu. Ikionekana kama kiatu kilichopigwa kiwi, umezidisha nta.

## Kishikio na jogoo

Kishikio kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kikauke kivulini, kisha kipakwe mafuta ya linsidi kwa ncha ya kidole na kufutwa baada ya robo saa. Alama za kuungua ziache. Mtu fulani aliungua pamoja na kishikio hicho.

Onyo la moto: kitambaa chenye linsidi kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe kwenye maji kabla ya kukitupa.

Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mpya, ni fukusi. Kama kishikio kimetoka, kifunge kwenye nailoni mbili na ukiweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Hakuna haja ya dawa.

Pasi nyingi zina komeo lenye umbo la jogoo. Likivutwa na sumaku ni chuma, fuata hatua zilizopita. Lisipovutwa huenda ni shaba: kata ndimu, chovya kwenye majivu yaliyochekechwa, sugua, suuza, kausha. Watu wa pwani huongeza chumvi, nami nakusihi usiongeze, kwa sababu punje moja ikiingia kwenye tundu la skrubu itakula chuma miaka yote. Mimi husugua mgongo na kilemba tu. Weusi ulio kati ya manyoya ndio unaomfanya jogoo aonekane jogoo.

## Kuihifadhi

Isikae jikoni juu ya mvuke, wala kwenye sakafu ya saruji. Iweke juu ya ubao. Ukiifungia kabatini, izungushie kanga ya pamba, si nailoni, na mfuniko uachwe wazi kidogo hewa ipite. Vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu viweke humo.

Dodoma au Nairobi, ikague kila baada ya miezi mitatu. Ukiwa Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, ambako hewa ina chumvi, kila mwezi, na tabaka jipya la nta kabla ya masika.

Kama bado unaipigia pasi umeme ukikatika, hakuna ubaya, lakini iwe nje au barazani. Mkaa hutoa gesi isiyonuka inayoua watu usingizini, na chumba chenye pasi ya mkaa hakina tofauti na chumba chenye jiko. Nta itatoa moshi kwa dakika chache za kwanza. Pitisha uso wa pasi kwenye jani la mgomba kabla ya kugusa nguo, kama ilivyofanyika zamani, na ukimaliza toa majivu usiku huohuo.

## Ukitaka kuiuza

Kwa kifupi. Wafanyabiashara wa nje huita kitu cha kale kikishatimiza miaka 100, na sheria ya Kenya ya 2006 inahesabu vitu vya kale kuwa vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Pasi nyingi za bibi zetu hazifiki huko. Mnunuzi anayejua ataangalia vitu vinne: ngozi ya asili, maandishi, kishikio cha kwanza, na historia. Pasi iliyopita kwenye grenda imeshapoteza viwili vya kwanza. Mimi siuzi, ila sioni kosa kwa anayeuza, mradi aseme wazi alichotengeneza.

## Hatua ya 8: Kadi

Chukua kadi ngumu, itoboe, ifunge kwa uzi wa pamba kwenye kishikio. Usichonge kitu chochote kwenye pasi yenyewe.

Andika kwa penseli, wino hufifia na kuchuruzika. Jina la mwenye pasi. Mahali. Ilinunuliwa wapi na kwa fedha gani. Nani aliitumia, kwa nguo zipi. Wewe umeifanyia nini, tarehe ipi.

Majibu mengi huna, na aliyenayo ni mzee. Nenda kwake na pasi yenyewe mkononi, usiende na picha. Mpe aishike. Washa simu irekodi, halafu muulize swali dogo: mkaa wake mlikuwa mnautoa wapi? Mama yangu niliyemwuliza hivyo alinieleza kwa dakika arobaini, na nusu ya aliyoyasema hayakuhusu pasi. Nimeyaandika yote, kadi mbili, mbele na nyuma.